Majani ya Mifugo Tukate Lini?

Siku ya kuvuna maharagi hakuna anayetufundisha. Ganda likikauka na kulia mkononi, tunaingia shambani. Lengalenga tunazichuma kabla hazijatoa maua. Lakini majani ya mifugo, yale matete na setaria tuliyopanda kandokando ya mashamba, tunayakata bila kujiuliza kama siku yake imefika, haijafika au imepita. Mbuzi akilia, mtu anachukua panga. Asipolia, majani yanaendelea kupanda juu, nasi tunayatazama kwa furaha kama akiba iliyowekwa vizuri.

Akiba hiyo inapungua kila juma. Matete yakipita kichwa cha mtu, mzigo wake ni mkubwa na unaumiza shingo, lakini chakula kilichomo ni hafifu kuliko kile cha mzigo wa majani machanga. Na anayebeba mzigo ni nani? Ni mama, au binti yake.

Sisi tunaofundisha tunaliona jambo hili kwenye rejista ya darasa. Mvua inakatika mwezi wa tano, majani ya karibu yanaisha, na mwezi wa sita, ule wa mitihani ya darasa la sita na ya Egzetati, ndipo benchi za nyuma zinaanza kubaki tupu asubuhi. Ukiuliza, unaambiwa fulani ametumwa kutafuta majani ng'ambo ya kilima. Mara nyingi fulani huyo ni msichana. Hatuna haja ya kuwaeleza wamama wa Kivu mambo ambayo msichana anaweza kukutana nayo akiwa peke yake mbali na nyumba. Ndiyo maana tunaandika juu ya majani katika gazeti la familia. Yakikatwa kwa wakati wake tangu mwezi wa pili hadi wa tano, mtoto anakaa darasani mwezi wa sita.

Kinachobadilika ndani ya jani

Fikirini sombe. Hakuna mama anayetwanga majani ya muhogo yaliyozeeka. Tunachuma ya juu, yaliyo laini, kwa sababu ya chini ni magumu na hayana ladha. Ng'ombe, mbuzi, sungura na kobayi (wengine tunawaita dende) nao wanachagua hivyo hivyo. Tazama ndani ya kibanda asubuhi: kilichobaki chini ni nini? Ni mabua. Mabua hayo tuliyabeba sisi kutoka shambani, ili yalale chini yakanyagwe. Yatakuwa mbolea, ndiyo, lakini mbolea ya namna hiyo tunailipia kwa shingo.

Sababu yake ni hii. Jani changa lina protini nyingi, yaani chakula cha kujenga mwili, ambacho ndicho kinacholeta maziwa na kukuza mtoto wa mbuzi. Mmea ukizidi kurefuka unahitaji nguvu ya kusimama, basi unajenga bua lenye nyuzi ngumu kama ukuni. Matete yakikatwa juma la sita hadi la nane tangu mkato uliopita, ukiondoa maji yote yaliyomo, protini ni karibu 10 kwa 100, na penye mbolea nzuri inaweza kupita hapo. Yakiachwa miezi mitatu na zaidi, inashuka hadi 6 au 7 kwa 100, hata chini yake.

Hiyo 7 tuishike vizuri. Ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe na mbuzi kuna vijidudu vingi sana ambavyo ndivyo vinavyoyeyusha majani, navyo vinahitaji kula. Protini ikiwa chini ya 7 kwa 100, vijidudu vinadhoofika, majani yanakaa tumboni muda mrefu, mnyama anajiona ameshiba na kuacha kula, huku anakonda. Ndiyo maana utasikia mtu analalamika: mbuzi wangu tumbo limejaa kila siku, lakini mifupa inaonekana. Inaweza kuwa minyoo, na hapo inafaa kumwita veterineri. Lakini kabla ya kununua dawa, na kabla ya kumshuku jirani kwa jicho baya, tuangalie kwanza umri wa majani tunayompa.

Kobayi naye ana jambo lake. Kama sisi watu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Lazima aipate kila siku katika majani mabichi. Ukimlisha mabua makavu peke yake, anadhoofika, vidonda havifungi, majike wanapoteza mimba. Na kwa familia nyingi za hapa kobayi ndiye anayelipa daftari, chumvi na sabuni, na mama hana haja ya kuomba ruhusa ya mtu ili amuuze. Tusimdharau kwa sababu ni mdogo.

Tupime kwa mwili wetu

Wengi wanatuuliza: ni juma ngapi hasa? Jibu la juma peke yake linadanganya, kwa sababu Kivu si mahali pamoja. Katika bonde la Ruzizi, Uvira na Fizi, kuna joto, na wakati wa mvua matete yanaweza kuwa tayari juma la tano au la sita. Kule juu Kabare, Walungu, Masisi au Lubero, baridi inachelewesha, na juma nane hadi kumi si ajabu. Kwa hiyo kalenda itukumbushe tu kwenda kutazama, lakini uamuzi utoke kwenye urefu wa majani.

Kwa matete, yale ambayo vitabu vinayaita penisetumu, kipimo ni kati ya goti na kiuno. Yakifika kiunoni, karibu mita moja, usingoje tena. Setaria na brakiaria ni nyembamba na zinatoa maua upesi. Hizo zikatwe kabla ya maua. Ukiona mkia wa setaria umejitokeza, ujue mmea umeanza kupeleka nguvu kwenye mbegu. Tripsakumu, ile inayofanana na mahindi yasiyo na vichwa, inakua polepole na majani yake ni magumu tangu mwanzo, lakini inavumilia ukame. Hiyo sisi tunapenda kuiacha kwa ajili ya kiangazi, tutaizungumza mbele.

Majani yaliyopandwa upya yana sheria nyingine. Yasiguswe kwa miezi mitatu au minne ya kwanza, hata kama yanapendeza, maana mizizi bado inatafuta kushika udongo. Mkato wa kwanza ukifanyika mapema, mashina mengi hayarudi.

Hapa tuseme pia juu ya kosa la upande wa pili. Mtu akisikia kwamba jani changa ni bora, anaweza kuanza kukata kila juma tatu. Kwa mwezi mmoja mbuzi watafurahi. Lakini mmea ukikatwa hauna majani ya kujitengenezea chakula, unachipua kwa akiba iliyowekwa chini ya shina na katika mizizi. Ukikatwa tena kabla haujarudisha akiba hiyo, mara ya tatu unachipua kwa shida, mara ya nne magugu yanashinda. Baada ya mwaka mmoja mstari una mapengo na udongo unateremka na mvua. Kwa hiyo tunatafuta katikati: mapema kiasi cha kupata protini, na kuchelewa kiasi cha kuacha mzizi upumzike. Katikati hiyo ni goti na kiuno.

Panga nalo lipite wapi? Juu ya ardhi tuache kisiki cha upana wa kiganja pamoja na kidole gumba, karibu sentimita 10. Ukikata chini kabisa unaua vichipukizi. Ukikata juu sana unaacha vijiti vinavyokuwa vigumu na kuoza. Baada ya kukata, turudishe mbolea ya kibanda kwenye mashina, hata ndoo moja moja, kwa sababu kila mzigo unaotoka unaondoka na chakula cha udongo.

Horeri ya majani

Tatizo kubwa kwa mama mwenye mbuzi watatu si kujua urefu. Tatizo ni kwamba majani yote yanafika kiunoni siku moja, na yeye hawezi kuyalisha yote siku moja. Akikata sehemu anayohitaji, nyingine inazeeka inamngoja. Dawa yake ni kugawanya.

Chukua mistari yako yote ya majani, uigawe sehemu nane kwa vijiti au mawe. Juma la kwanza unakata sehemu ya kwanza tu, kidogo kidogo kila siku, kuanzia siku ya kwanza hadi siku ya posho. Juma la pili sehemu ya pili. Ukimaliza ya nane, ile ya kwanza ina juma nane na iko tayari. Kule kwenye joto sehemu sita zinatosha. Ni kama horeri ya darasa: kila somo na saa yake, wala hatufundishi hesabu mwaka mzima siku ya kwanza. Mwanzoni sehemu hazitalingana kwa umri, zingine zitakuwa zimezeeka. Zikate hivyo hivyo, tupa mabua kwenye kompositi, na raundi ya pili itajinyoosha yenyewe.

Mstari mrefu kiasi gani unatosha? Tufanye hesabu. Mbuzi wa kilo 25 anakula karibu kilo 5 za majani mabichi kwa siku. Watatu wanahitaji kilo 15, kwa juma kilo 105. Sasa kata mita moja ya mstari wako iliyofika kiunoni, uipime kwa mizani ya sokoni. Tuseme imetoa kilo 2. Kilo 105 zitahitaji mita 53 hivi kwa juma, na kwa sehemu nane ni karibu mita 420. Ni nyingi, tunajua, wengi hawana mita hizo. Lakini mbuzi hawezi na haifai kuishi kwa matete peke yake. Nusu ya chakula chake itoke kwenye majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi, majani ya maharagi baada ya kupura, kaliandra au lesena iliyopandwa kwenye ua. Hapo mita 210 zinatosha, nazo zinapatikana kwenye kingo za shamba la kawaida bila kunyang'anya muhogo nafasi. Kobayi ni rahisi zaidi: watano wakubwa wanaridhika na kilo moja hivi kwa siku.

Wamama wanaolima ardhi ya kukodi wana shida ya pekee. Mwenye shamba mara nyingi hakubali mpangaji apande kitu cha miaka mingi. Tunashauri waongee naye juu ya mistari ya kuzuia mmomonyoko tu, pale juu ya mifereji, maana hiyo inalinda udongo wake mwenyewe. Wazee wanakumbuka kwamba wakati wa Wabelgiji watu walilazimishwa kuchimba na kupanda mistari hiyo, na uchungu wa kazi ile ulifanya wengi waing'oe baadaye. Mistari haikuwa na kosa. Tena matete na brakiaria ni mimea ya Afrika hii hii. Brakiaria imevuka bahari, imejaza mashamba makubwa ya Brazil, na sasa inaturudia ikiitwa mbegu bora ya kigeni.

Saa ya kukata

Asubuhi mapema majani yana umande. Sungura na kobayi wakila majani yenye maji mengi wanaweza kuharisha au kuvimba tumbo. Yakikatwa asubuhi, yatandazwe kivulini mpaka yanyauke kidogo, yaani saa kadhaa. Wasiyalundike: lundo linapata moto ndani na kuharibika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba majani ya alasiri ni matamu kuliko ya asubuhi, kwa sababu mchana kutwa jua linayasaidia kutengeneza sukari, na usiku mmea unaitumia. Mwenye mstari karibu na nyumba anaweza kukata saa tisa au saa kumi, wanyama wakala jioni. Lakini hili ni kwa mstari wa karibu tu. Hakuna sukari inayostahili mtoto kurudi njiani giza likiingia.

Kabla ya kulisha, tukate vipande vifupi kwa panga juu ya gogo na kuviweka ndani ya kihori au kapu lililoning'inizwa. Vinavyotupwa chini na kukojolewa vinapungua sana.

Kuvuka mwezi wa sita

Sasa turudi kwenye rejista ya darasa. Mvua zetu zinaanza mwezi wa tisa na kuisha katikati au mwisho wa mwezi wa tano. Anayekumbuka kiangazi mwezi wa sita amechelewa. Kazi yake inaanza mwezi wa nne.

Mwisho wa mwezi wa nne, kata sehemu mbili au tatu za matete kwa pamoja, hata kama utawagawia majirani wa likelemba majani ya ziada. Weka mbolea, halafu usiziguse. Zitachipua kwa mvua za mwisho, na mvua ikikatika zitapunguza mwendo. Katikati ya mwezi wa sita zitakuwa na juma saba hivi, zimesimama, bado kijani, hazijawa mabua. Hizo ndizo chakula cha majuma ya mitihani. Sehemu nyingine endelea nazo kwa horeri. Katika kiangazi ukikata, acha kisiki kirefu kuliko kawaida, ili mmea usikauke hadi kwenye mzizi. Baada ya hizo inafuata tripsakumu, ambayo inashikilia kijani chake wakati matete yameshachoka.

Setaria na brakiaria zinafaa kukaushwa. Zikatwe jua la kwanza la kiangazi, kabla hazijatoa mbegu, zitandazwe siku mbili au tatu na kugeuzwa, kisha zifungwe na kuwekwa mahali pasipovuja, juu ya vijiti, mbali na moto wa jikoni. Yakiwa bado na rangi ya kijani na harufu nzuri, kazi imefanikiwa. Yakiwa ya manjano kama nyasi za kuezekea, ni ya kulalia wanyama tu. Mwezi huo huo maharagi ya saison B yanapurwa: maganda na mabua yake yasichomwe, yana nguvu kuliko majani makavu ya mahindi.

Kuna mmea mmoja ambao kwa huo kukata mapema ni hatari ya kifo, nao ni mtama. Wamama wa Uvira na Fizi wausikie vizuri. Mtama mchanga ulio chini ya goti, na hasa machipukizi yanayotoka kwenye visiki baada ya mavuno au baada ya ukame, yana sumu ile ile ya muhogo mchungu. Mbuzi anaweza kuanguka na kufa kabla hujafika kwa veterineri. Usifunge mnyama kwenye shamba la visiki vya mtama vinavyochipua. Ungoje upite mita moja, au uukate na kuukausha kabisa kwanza. Majani mabichi ya muhogo nayo yanyaushwe kabla ya kuwapa wanyama.

Na matete yaliyokwisha kuzeeka, je? Usiyang'oe yote. Mabua ya miezi mitatu na zaidi hayalishi vizuri, lakini ndiyo mbegu. Chagua mashina machache yenye afya, yaache yakomae, uyatunze hadi mvua ya mwezi wa tisa. Kata vipande vya macho matatu, zika mawili kwa kulaza upande, moja libaki nje. Tripsakumu na setaria zinagawanywa kwa mashina yenye mizizi. Anayehitaji mbegu safi na yuko Bushi anaweza kuuliza kituo cha INERA kule Mulungu, au agronomu wa eneo lake. Wamama watano wakichangia safari moja, kila mmoja atapata fungu la kuanzia mstari wake, na mwaka ujao atakuwa na la kumpa jirani.